Pima Waya Kwanza: Hotuba kwa Mafundi Umeme wa Arusha

Hotuba hii ilitolewa Arusha mbele ya mafundi umeme, walimu wa ufundi na wanafunzi wao. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani tumeiacha, lakini namba zote zimo.

Ndugu mafundi, walimu, vijana mnaosoma, na wazee wetu mliokubali kukaa nasi mchana huu: wakubwa shikamooni, na wengine habari za saa hizi.

Naomba nianze na swali. Kijana anaingia karakana kwako na sanduku. Ndani kuna transfoma aliyoisuka mwenyewe, kapasita (vile vihifadhi umeme) mbili tatu na betri ya gari. Anakwambia, "Fundi, hii inakula wati 30 na inatoa wati 400." Balbu inawaka mbele ya macho yako. Utamjibu nini?

Wengi wetu tuna majibu mawili. La kwanza ni kucheka. La pili ni kushika simu na kumtafutia mtu mwenye hela. Yote mawili yana madhara. Ukimcheka, umempoteza kijana anayejua kusuka koili, na vijana wa namna hiyo hatuna wengi. Ukimtafutia mwenye hela, mara nyingi hela yenyewe ni ya kikoba cha akina mama au mkopo wa SACCOS, na ikishaingia ndani ya sanduku haitoki. Jibu la tatu ndilo lililotuleta hapa: "Karibu ndugu yangu, tupime." Ila tupime kwa utaratibu, maana kupima ovyo ndiko kulikomfanya kijana huyo aamini kile anachokiamini.

Mji wetu unatengeneza transfoma. Kiwanda cha TANELEC kipo hapa hapa Arusha, na transfoma ya kusambazia umeme haitoki kiwandani bila kupimwa upotevu wake. Kipimo cha kwanza ni kuiwasha bila mzigo: wati inazokula hapo ndizo zinazopotelea kwenye chuma cha kati. Cha pili ni kufunga upande mmoja shoti, kisha kupandisha volti taratibu upande wa pili mpaka ampea zifike kiwango chake: wati hizo ndizo zinazopotelea kwenye shaba. Chukua transfoma ya kVA 100 yenye upotevu wa wati 320 kwenye chuma na wati 1,750 kwenye shaba ikibeba mzigo kamili. Fanya hesabu. Ufanisi wake, yaani kinachotoka ukilinganisha na kinachoingia, ni asilimia 98 kasoro kidogo. Kwa nusu ya mzigo inafika asilimia 98.5. Hapo ndipo watu waliofanya kazi hii tangu transfoma za kwanza za Budapest za mwaka 1885 wamefika, kwa chuma bora na shaba safi.

Sasa huyu anadai anatoa mara 13 ya anachoingiza. Ni kama mtu wa Machame akuambie kwamba mfongo wake, yaani mfereji wa maji ya shamba, unaanza mlimani na ndoo 30 kwa dakika na unafika shambani na ndoo 400, wala hakuna kijito kilichoingia njiani. Mzee wa mfongo hatamwita mwongo. Atamuuliza swali moja tu: ndoo uliyohesabia kule juu ndiyo hii uliyohesabia huku chini?

Swali hilo ndilo hotuba yangu yote. Anza na kitu ambacho jibu lake unalijua. Anza na jibu unalolijua!

Tuanze na waya. Umepanga mita zako: volti na ampea upande wa kuingia, volti na ampea upande wa kutoka. Kabla hujaunganisha transfoma ya mtu, itoe. Mahali pake weka waya mbili fupi nene, ili umeme uingie na kutoka bila kupita kwenye kitu chochote. Pakia mzigo, soma mita zote nne, piga hesabu ya ufanisi. Lazima upate 100. Umepata 104? Basi waya wako unazalisha umeme! Je, kuna mtu hapa yuko tayari kuwekeza kwenye waya? Hakuna. Mita zako ndizo zinazotofautiana, na umelijua hilo kabla sanduku halijaguswa.

Mita ya bei ya kawaida inaweza kukosea asilimia 2 bila kuwa mbovu. Mita nne zikikosea zote kuelekea upande mbaya, tayari una asilimia 8 za uongo. Kwa hiyo mtu akikuletea ufanisi wa 103, hajakuletea habari yoyote.

Kisha rudisha transfoma, upime mara mbili. Mara ya pili, mita zilizokuwa upande wa kuingia zihamie upande wa kutoka, na za kutoka zihamie upande wa kuingia. Tuseme mara ya kwanza ulipata 104 na ya pili 93.3. Zidisha 1.04 kwa 0.933, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, utapata 0.985. Huo ndio ufanisi wenyewe, maana makosa ya mita yamefutana. Ila hili linafanya kazi kama volti za pande mbili hazitofautiani sana na mita ziko kwenye skeli ile ile. Transfoma ya volti 230 kwenda volti 12 haikubali ujanja huu. Hiyo tutaipima kwa maji, nitafika huko.

Jambo la pili, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu nadhani masanduku mengi huzaliwa hapa. Volti mara ampea si wati. Narudia: volti mara ampea si wati! Ni wati kwenye DC iliyotulia, umeme wa upande mmoja kama wa betri, au pale mzigo ni hita tupu. Kwingine kote ni volti-ampea, na pawa fakta ndiyo inayoamua ngapi kati ya hizo ni kazi ya kweli.

Mmeviona vile viboksi vinavyouzwa vya kuchomeka kwenye soketi, muuzaji akisema vinapunguza matumizi ya LUKU. Anakuonyesha kwa klampu, ile mita inayobana waya na kusoma ampea: kabla ampea 5, baada ya kuchomeka ampea 4. Mteja anashangaa, anatoa pesa. Fungua kiboksi, mara nyingi utakuta kapasita na kitaa cha LED. Ampea kwenye klampu zimeshuka kweli, hakudanganya. Lakini mita ya LUKU haihesabu ampea, inahesabu uniti, na uniti hazikupungua. Taa ndogo inayopepesa kwenye uso wa mita ndiyo shahidi. Kama mita yako imeandikwa 1000 imp/kWh, kila mpepeso ni wati-saa moja. Mzigo wa wati 200 unapepesa kila baada ya sekunde 18. Washa hita, hesabu mipepeso 20 kwa saa ya mkononi. Chomeka kiboksi, hesabu tena. Huhitaji kifaa kingine.

Sasa geuza kisa hicho. Kapasita ya mota ya mikrofaradi 20 ukiiunganisha kwenye volti 230, klampu itasoma kama ampea 1.45. Zidisha: unapata zaidi ya 330. Lakini kapasita haipati joto, na LUKU karibu haihesabu kitu. Kijana wetu amefanya hilo hilo bila kujua. Ameunganisha kapasita na koili ya pili ya transfoma, vikaingia kwenye mwitikio (resonance), yaani umeme unazunguka kwenda na kurudi kati ya koili na kapasita. Anapima volti, anapima ampea, anazidisha, anaandika "wati 400". Ni umeme ule ule unaokwenda na kurudi, kama mtoto kwenye bembea. Ukitaka kuuchota, funga hita sambamba na kapasita: volti zitaanguka papo hapo.

Na hata mwenye kipima wati halisi aangalie. Pawa fakta ikiwa 0.1, kosa la nyuzi moja tu ya pembe kati ya volti na ampea linaharibu jibu kwa kama asilimia 17. Klampu nyingi zina kosa la namna hiyo. Mzigo wa kupimia uwe rezista. Usiniambie ni mota, usiniambie ni chaja ya simu. Rezista.

Halafu umbo la wimbi. Multimita isiyoandikwa TRUE RMS, yaani isiyoweza kupima sawasawa wimbi la umbo lolote, imetengenezwa kwa wimbi laini la hetsi 50. Ikipewa wimbi la mraba, kama la inveta za bei nafuu, inasoma asilimia 11 zaidi. Volti asilimia 11 zaidi, ampea asilimia 11 zaidi: ukizidisha, wati zimepanda asilimia 23 kutoka hewani. Upande wa kuingia mara nyingi kuna mapigo membamba ya umeme, na hapo mita hiyo hiyo inasoma pungufu. Mapigo yakichukua sehemu moja ya kumi ya muda, mita inaonyesha kama theluthi moja tu ya ampea halisi. Mnaona mtego? Mlangoni inasoma pungufu, uani inasoma zaidi. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na akapata 400.

Dawa yake ni kugeuza kila kitu kiwe DC iliyotulia. Upande wa kuingia weka kapasita kubwa, mikrofaradi 10,000, na koili ndogo kabla yake. Pima volti na ampea kule kwenye betri, ambako mapigo yameshazimwa. Upande wa kutoka weka daraja la diodi, kapasita nyingine, kisha rezista. Kama saketi inakwenda kwa kilohetsi 20, usitumie diodi za 1N4007. Haziwahi kufunga, zinachemka, na mwenye sanduku atalalamika kwamba umemharibia mashine. Atakuwa na haki. Tumia diodi za kasi. Daraja litakula kama volti 1.4, zihesabu kwa faida yake, mwongezee kwenye jibu. Mashine inayotoa mara 13 haiwezi kuangushwa na volti 1.4.

Kabla sijaiacha sehemu hii, neno juu ya balbu. Balbu ya waya ya wati 60, kwa volti 230, ikiwa inawaka ina omu kama 880. Ikiwa baridi, multimita inasoma kama omu 65. Mtu anapima omu balbu ikiwa baridi, kisha anaiwasha kwa volti 100 kutoka kwenye sanduku, anapiga hesabu ya volti mara volti gawanya kwa omu: wati 154! Kumbe balbu hiyo kwa volti 100 inakula kama wati 16 tu. Na hizi LED zinazoandikwa "sawa na wati 60" hula kama wati 9. Balbu 10 zikiwaka mezani si wati 600. Mwanga ni wa kutazamwa, haupimi kitu.

Jambo la tatu ni betri. Marekani, mjini Philadelphia, kuanzia miaka ya 1870, John Keely alionyesha mashine zilizodaiwa kupata nguvu isiyojulikana. Kampuni iliundwa, watu walinunua hisa, na maonyesho yakaendelea kwa zaidi ya miaka 20. Alifariki mwaka 1898. Nyumba ilipokaguliwa, chini ya sakafu palikutwa tufe kubwa la chuma, la kuhifadhia hewa iliyoshindiliwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyefukua sakafu! Sisemi kijana wetu ni Keely. Nasema sakafu yake ni betri, na huenda yeye mwenyewe hajui.

Betri ya N70, volti 12 na ampea-saa 70, ina wati-saa 840. Taa ya wati 20 ikiwaka usiku kucha saa 10, imekula 200. Ukiizima na kupumzisha betri, volti zinapanda tena zenyewe, mita inasoma 12.4, na mtu anaapa kwamba betri haikupungua. Kwa mzigo wa wati 20, betri hiyo ikiwa nzima na imejaa inaweza kwenda saa 40 bila msaada wa mashine yoyote. Onyesho la saa mbili linathibitisha nini? Halithibitishi kitu.

Toa betri. Mahali pake weka kapasita ya farad 1, zile wanazofunga wenye muziki mkubwa kwenye magari. Kwa volti 12 inabeba jouli 72, basi. Taa ya wati 20 inamaliza jouli 72 kwa sekunde 3.6, na kama saketi inakufa volti zikishuka chini ya 10, una sekunde moja tu. Rudisha umeme wa kutoka kwenye kapasita kupitia regyuleta ya volti 12, weka fyuzi, chomoa chaja. Mashine inayotoa zaidi ya inachokula inahitaji kuwashwa mara moja tu, kisha ijilishe. Je, taa imebaki inawaka baada ya dakika moja? Nitakuja mwenyewe kuomba msamaha. Imezimika? Kapasita imejibu, wala hakuna aliyemtukana mtu.

Tahadhari mbili hapa, na nazisema kwa uzito. Wapo wanaotumia transfoma ya maikrowevu kwa sababu ni ya bure. Inatoa kama volti 2,000 na ampea za kuua; mguso mmoja unatosha. Isiingie kwenye karakana ya kujifunzia. Na klipu ya ethi ya osiloskopu, kifaa cha kuonyesha umbo la wimbi, imeunganishwa na ethi ya ukutani: ukiibana kwenye faizi umefunga shoti mikononi mwako. Lisha kifaa kinachopimwa kupitia transfoma ya kutenganisha, si kukata ethi ya osiloskopu.

Jambo la nne ndilo ninalolipenda kuliko yote: maji. Katika miaka ya 1840, James Joule, kijana wa familia ya watengeneza bia karibu na Manchester, Uingereza, alipima joto la maji yaliyokorogwa kwa uzito unaoshuka, kwa kipimajoto kilichosoma vipande vidogo sana vya nyuzi. Akaonyesha kwamba kazi ile ile huzaa joto lile lile. Maji hayajui umbo la wimbi. Hayajui pawa fakta. Wati zikiingia, yanapata moto kwa kiasi chake.

Chukua chupa ya chai ya kawaida, nzima, isiyopasuka ndani. Tia maji lita 1.5, uyapime kwa mizani, gramu 1,500. Tumbukiza rezista ya omu 3 inayoweza kubeba wati 50, waya zake zikiwa zimefunikwa vizuri, na kipimajoto. Ziba mdomo kwa sponji. Sasa, anza na jibu unalolijua: ilishe rezista kwa DC tulivu, volti 12, ampea 4, wati 48. Koroga kidogo kila dakika. Kwa hesabu, kutoka nyuzi 20 hadi 50 yanahitaji jouli 188,000 na ushei, yaani wati-saa 52, dakika 65. Tuseme chupa yako imechukua dakika 70. Usishangae: dakika tano hizo ni joto lililoingia kwenye kioo na lililotorokea mdomoni. Ziandike. Mwaga, poza chupa, tia maji mapya ya nyuzi 20, kisha sanduku la kijana lilishe rezista hiyo hiyo. Likichukua dakika 80, linatoa kama wati 42. Kama kweli linatoa 400, maji yatafika 50 ndani ya dakika tisa. Huhitaji kitabu, umelinganisha chupa na chupa ile ile.

Kwa nini nasema 50, si mpaka yachemke? Kwa sababu tuko Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari. Hapa maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, Moshi kama 97. Mtu anayeandika "yamepanda kutoka 20 hadi 100" kwa kuona mapovu amejizawadia nyuzi tano, karibu asilimia 7 ya nishati ambayo haikuwepo. Na mvuke unaotoka unabeba nishati nyingi usiyoihesabu. Ishia 50.

La mwisho ni makubaliano, kabla ya kuwasha chochote. Joseph Newman wa Mississippi alinyimwa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mashine aliyodai inatoa zaidi ya inachokula, akaenda mahakamani, na mwaka 1986 taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani ikaipima. Katika hali zote walizojaribu, kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko kilichoingia. Newman alikataa matokeo, akidai waliiunganisha mashine na ethi. Mnaona? Suala la ethi lilipaswa kuandikwa na kusainiwa kabla. Kampuni ya Steorn ya Dublin nayo ilitangaza mwaka 2006 kwamba ina teknolojia ya namna hiyo, ikaita jopo la wataalamu 22. Juni 2009 jopo likasema kwa kauli moja kwamba halikuonyeshwa nishati yoyote iliyozalishwa. Kati ya tangazo na jibu ilipita karibu miaka mitatu. Chupa ya chai inachukua saa mbili na nusu.

Na hataza pia isiwatishe. Mwaka 2002 huko Marekani ilitolewa hataza ya kifaa kinachofanana kabisa na transfoma, chenye sumaku ya kudumu katikati ya chuma, kikidaiwa kutoa zaidi ya kinachoingia. Hataza inasema nani alidai jambo kwanza. Haisemi kwamba kuna mtu aliyelipima.

Kwa hiyo andikeni karatasi moja: mzigo ni rezista ipi, ethi ipo au haipo, muda ni kiasi gani, nani analeta mita, na namba gani itahesabika kuwa ushindi. Mwenye sanduku asaini, wewe usaini, na hela ya mtu yeyote isitoke kabla ya hapo. Mkimaliza, mpe nakala ya matokeo. Na kama transfoma yake ya volti-ampea 100, iliyosukwa kwa mkono, imetoa asilimia 88, mwambie hilo kwa sauti ile ile: kwa ukubwa huo ni transfoma nzuri. Muulize bati za chuma alizipata wapi, alizibana vipi zisilie, na anaweza kusuka ngapi kwa wiki.

Nimeambiwa kuna watu watatu wamekuja na masanduku yao leo. Nawashukuru, imehitaji moyo. Meza iko pale dirishani, mita nne, chupa mbili, maji yamepimwa. Tunaanza na waya.